Nyongeza ya Redioni

3 Septemba

Mdogo wangu,

Umeamkaje huko? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo hata wewe ulilikuta hivyo hivyo. Mwanao Chiriku hajambo, na mdomo wake haujambo pia. Jana alimuuliza mteja wangu mmoja kwa nini amenyoa ndevu na kuacha nywele za masikioni. Mzee wa watu alicheka mpaka akaondoka bila kulipa, na mimi nikaona haya kumkimbilia.

Sasa nisikilize. Umesikia redio? Kima cha chini cha mshahara kimepandishwa! Nilikuwa nabandika soli, nikaacha kila kitu nikasikiliza mpaka gundi ikanikaukia mkononi. Nikakumbuka kile kikao tulichokaa baada ya kumzika mumeo. Najua hujasahau. Shangazi wa mtoto alisema mbele ya wazee wote: mama mtu akipata mshahara halali, ule unaotambulika na serikali, amchukue mwanawe akae naye. Lakini kama mpaka shule zinafunguliwa Januari bado anahangaika na vibarua, mtoto anakuja kwangu mimi shangazi yake moja kwa moja, na asije mtu kumdai. Nasi tukakubali, kwa kuwa siku ile hatukuwa na namna.

Basi Shangazi keshafika. Hakukawia hata kidogo. Kapanda basi kutoka kwake, kaja kukaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akaniuliza, "Redio nimeisikia. Analipwa au halipwi?" Nikamwambia analipwa, tena ataandika mwenyewe. Usiniangushe. Niandikie maneno mawili matatu nimwonyeshe. Mtoto huyu asitutoke hivi hivi.

Kazi yangu inaenda vizuri. Watu hawaachi kutembea, na viatu haviachi kuchanika.

Kaka yako,
Fundi

14 Septemba

Kaka,

Barua yako ilinikuta natoka kazini, unga mpaka kwenye kope. Niliisoma nimesimama.

Ndiyo, nyongeza imefika hata kwetu. Msimamizi kaibandika ukutani, karatasi yenye mhuri, juu ya mashine ya kukandia, na kila anayepita anaisoma kwa sauti. Mwambie Shangazi nimeiona kwa macho yangu.

Na bei ya mkate imepanda wiki hiyo hiyo. Halafu msimamizi akaja mezani kwangu, maana mimi ndiye ninayekata madonge na kuyapima, akaniambia kuanzia leo nikate madogo zaidi kidogo. Nikamuuliza, kidogo kiasi gani? Akasema, kiasi ambacho mama wa nyumbani hatakigundua mpaka afike kwake. Kwa hiyo ukinunua mkate wetu ukauona mwepesi, usimtukane mwenye duka. Nitukane mimi. Ile mikate inayovunjika, ambayo zamani tuliruhusiwa kubeba, siku hizi inafungwa kwenye mifuko na kuuzwa.

Chumba changu ni kizuri na kina dirisha. Lakini kaka, nakuomba, mtoto asije sasa hivi. Nataka kwanza nimnunulie godoro, nijipange, nijue nitamwacha na nani nikiwa kazini. Shangazi mwonyeshe barua hii atulie, na Chiriku abaki kwako mpaka Desemba. Mwambie mama yake anamkumbuka kila akikata donge. Si maneno ya barua tu, ni kweli kabisa.

Msalimie mkeo.

Mdogo wako

22 Septemba

Mdogo wangu,

Shangazi aliisoma barua yako, akaikunja, akasema, "Kama analipwa, mtoto anangoja nini?" Nikakubali. Unamjua yule mama, akishakukazia macho hata jina lako unalisahau.

Kwa hiyo Chiriku anakuja Jumamosi. Najua ulisema Desemba, usinigombeze. Utingo wa basi namfahamu, kaahidi atamkalisha karibu na dereva na kumkabidhi kwako mkononi. Godoro ni kitu gani kwa mtu mwenye mshahara wa serikali? Nimemkata kucha, nimemshonea kamba mpya kwenye ndala. Hapendi kuogeshwa asubuhi. Akianza kuuliza maswali mjibu, usimwambie nyamaza, maana hapo ndipo anapoanza upya.

Mke wangu kaenda kwao kusalimia. Kabeba na masufuria, sijui huko wanapikia nini.

Huku kila kitu bei juu. Gundi, ngozi, sabuni, vyote. Ukiuliza kwa nini wanakuambia mishahara imepanda. Namuuliza muuza gundi, mshahara wa nani? Anasema, "Wa watu." Nikacheka nikalipa.

Kaka yako,
Fundi

10 Oktoba

Kaka,

Mtoto alifika salama. Alishuka anazungumza na aliingia chumbani anazungumza. Kaka, nilimkumbatia pale pale stendi. Amerefuka! Mkono wake sasa unazunguka shingo yangu wote.

Namshukuru Mungu kwa kumwona, na wewe nimekukasirikia. Yote mawili ni kweli.

Kuna jambo sikukuambia. Kitanda ninacholalia tunakigawana na mwanamke mwingine anayefagia hospitali usiku. Mimi nikitoka asubuhi yeye anaingia, na jioni yeye akitoka naingia mimi. Kodi tunalipa nusu kwa nusu. Ndivyo wanavyoishi wengi hapa, usidhani ni mimi peke yangu. Ni mtu mwema na ana mapafu mabovu. Hatujawahi kula pamoja hata siku moja, lakini najua analala ubavu gani, maana godoro limebonyea upande huo. Usiku wa kwanza Chiriku alipanda kitandani akasema, "Mama, hapa kuna mtu alilala, pana joto." Nikamwambia ni jua limeingia dirishani. Akaniambia dirisha liko upande mwingine.

Shida ni mchana. Mwenzangu analala na mtoto yumo humo humo chumbani. Nimemfundisha kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kimya, mpaka nirudi. Kaka, unamjua Chiriku. Lakini anakaa. Jirani ananiambia anapita asimsikie. Nikirudi ananisimulia siku nzima kwa mnong'ono, hata tukiwa nje barabarani.

Mwenye nyumba naye kapita mlango kwa mlango. Kasema kodi inapanda, kima cha chini kimepanda, hata yeye ana redio. Na kichwa cha tatu chumbani kina malipo yake.

Usimwambie Shangazi habari za kitanda.

Mdogo wako

21 Oktoba

Mdogo wangu,

Usinichekeshe. Kugawana kitanda kitu gani? Sisi tulilala wanne, wewe ukiwa miguuni na ukipiga mateke. Vumilia. Mwenye mshahara kama wako, baada ya miezi michache utahamia chumba chako mwenyewe, na mimi nitakuja kukutembelea nikiwa na viatu vyangu vizuri.

Shangazi sijamwambia kitu. Kila tukikutana namwambia mtoto ananenepa.

Na kama mambo yakikuzidia, mrudishe mtoto. Mlango uko wazi, chakula kipo. Hapa ni kwenu, mtoto wako ni wangu. Usiogope kabisa.

Siku hizi niko mbali na kibanda mara kwa mara, natafuta malighafi. Barua zangu mpe utingo, atanitafuta.

Kaka yako,
Fundi

13 Novemba

Kaka,

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa gauni la Chiriku na kuufunga kwa pini. Ukiisoma atakuwa amesimama mbele yako. Mpe maji kwanza.

Umeniambia chakula kipo, mlango uko wazi, nami nimekuamini, kwa hiyo namrudisha. Na kwa kuwa namrudisha, sina tena sababu ya kuficha.

Ile nyongeza sikuipata. Ilibandikwa ukutani kweli, sikusema uongo, ila siku iliyofuata walituita mmoja mmoja ofisini. Wakasema kiwanda hakiwezi kulipa kima kipya kwa watu wote, ila sheria inaruhusu mwanagenzi kulipwa chini ya hapo kwa kuwa bado anajifunza. Wakanipa karatasi niweke sahihi kwamba mimi ni mwanagenzi. Kaka, nimekanda unga pale tangu mume wangu yuko hai. Asiyetaka kusaini mlango aliuona. Nikasaini. Sasa napata pungufu kuliko nilivyokuwa napata kabla redio haijatangaza, na mkate ninaoukata mwenyewe sinunui, nanunua ile iliyovunjika iliyowekwa mifukoni.

Ulipoandika kwamba Shangazi anataka jibu, niliogopa. Nikikuambia silipwi, mtoto anakwenda kwa Shangazi na simpati tena. Ndiyo maana nikaandika nilivyoandika. Nilijua utaelewa vingine.

Sasa sikia kilichotokea. Mwenzangu wa kitanda aliumwa, akarudi katikati ya zamu yake, akalala akikohoa mchana na usiku. Pa kulala sisi ni sakafuni. Chiriku alichoka kukaa kwenye ndoo akisikiliza kikohozi, akatoka. Aliona gari la mikate linapita akalifuata. Alijiambia mikate inatoka kwa mama, basi nikiifuata nitafika kwa mama. Hakujua gari lilikuwa linakwenda madukani, si kiwandani. Alizunguka nalo duka hadi duka mpaka likampotea. Mlinzi wetu alimpokea getini jua likizama, mguu umechanika, kaletwa na muuza maji. Hakuwa analia. Alimwambia mlinzi kwa mnong'ono, "Namtafuta anayekata mikate."

Msimamizi alisema mwanagenzi haonywi mara mbili. Mtoto akionekana tena getini, nami nitoke naye.

Ningetoka, kaka. Ningemshika mkono nikatoka. Lakini tungekwenda wapi?

Nirudishie kicheko chake. Huku kimempotea na mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Akianza tena kuuliza maswali, nitumie hata moja kwenye barua. Na Shangazi akija, mwambie amekuja likizo. Januari bado haijafika, naweza kupata kazi nyingine kabla ya hapo. Kuna kiwanda cha sabuni wanasema kinatafuta watu.

Mguu wake usafishe kwa maji ya chumvi.

Mdogo wako

17 Novemba

Mama Chiriku,

Mtoto yuko kwangu. Nalisema hilo mwanzo ili usome mengine moyo ukiwa umetulia.

Alishushwa stendi asubuhi. Utingo alimtafuta kaka yako asimwone, na gari lilikuwa linaondoka, akamkabidhi kwa mkata tiketi. Mtoto akakaa kwenye benchi na bahasha yake kifuani. Mkata tiketi alituma watu kwenye kibanda. Hakuna kibanda. Mwenye eneo alipandisha kodi mara tu baada ya ile redio, kaka yako akashindwa, akaondolewa mwezi wa Septemba, siku chache kabla hajampakia mtoto kuja kwako. Mkewe alirudi kwao wakati huo huo na vyombo vyake. Mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nikikutana naye sokoni akiwa na kisanduku chake cha zana begani, nikadhani anatoka kazini. Tangu mwanzo wa mwezi huu hata sokoni hayupo. Wanasema kakwenda kubeba saruji mahali wanapojenga barabara.

Mkata tiketi alimfahamu marehemu kaka yangu, na uso wa mtoto ni ule ule. Ndipo nikapelekewa habari. Nilifika jioni. Tangu asubuhi mtoto alikuwa hajala, kwa sababu, alivyosema, mama alimwambia chakula kiko kwa mjomba.

Barua yako nimeisoma. Ilikuwa si yangu lakini nimeisoma, na sitaomba radhi. Ile ya kwanza mliyonionyesha ilinidanganya kwa maneno ya kweli, na hii ya pili imenieleza. Sina hasira nawe kama unavyodhani. Mimi pia nimewahi kufanya kazi ya kulipwa chini ya haki yangu. Lakini ninyi ndugu wawili mmetupiana mtoto kama mpira, kila mmoja akimwambia mwenzake ana nafasi ya kudaka.

Ataanza shule hapa Januari. Jina lake nimeliandikisha. Kikao kilisema hivyo na wazee bado wako hai, waulize. Sitaki fedha zako, maana sasa najua huna. Kuja kumwona, njoo siku yoyote, utalala kwangu. Ila usije na ahadi. Za kwenu zimetosha.

Mguu unapona.

Shangazi wa mtoto

2 Desemba

Mdogo wangu,

Utingo kanikuta huku kambini, kaniambia yote. Nimekaa na kalamu hii tangu jana.

Niliposema chakula kipo, sikuwa nacho hata cha jioni ile. Nilisema kwa sababu ndivyo mtu anavyomwambia ndugu yake. Ungetaka niandikeje? Usimlete, kaka yako analala kwenye veranda ya msikiti? Nilidhani utajua kwamba ni maneno ya adabu, kwamba mtu mwenye mshahara hawezi kumrudisha mtoto kwa fundi viatu. Na mimi nilipompandisha basi nilikuwa nakuamini kabisa. Nilihitaji kuamini. Nilijiambia angalau mmoja wetu kaguswa na ile nyongeza, acha mtoto aende huko iliko.

Kama ungeniambia, nisingempeleka. Kama ningekuambia, usingemrudisha. Nalia nikiandika, na hapa wanaume hawajifichi kulia, wanasingizia vumbi la saruji.

Huku tunalipwa kwa mfuko unaobeba. Goti likikataa, hulipwi. Nimemuuliza karani wetu kuhusu kima cha chini. Kasema kile ni cha walioajiriwa, sisi ni wabebaji.

Nikipata nauli nitakwenda kwa Shangazi nikapige magoti. Usinikatae.

Kaka yako

20 Desemba

Wifi,

Sikuandika mapema kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa ahadi, nami ulinikataza.

Kiwanda cha sabuni nilikwenda. Walinipokea vizuri, wakaniuliza nina uzoefu gani, nikawaambia. Wakasema wanachukua wanagenzi tu. Nikarudi kwenye mikate.

Nimekuwa nikiuliza watu, ni nani hasa anayelipwa kile kima walichotangaza. Nimemuuliza mlinzi, anasema yeye yuko chini ya kampuni, si kiwanda. Nimemuuliza mwenzangu wa kitanda, anasema anafagia kwa siku, akiumwa hana siku. Madereva wa mikate wanalipwa kwa safari. Labda yupo mtu mahali fulani, na kwa ajili yake kodi imepanda kwetu sote. Ningependa kumwona, si kwa ubaya.

Ulichosema kuhusu mpira ni kweli na kimeniuma. Kaka yangu usimfukuze akija. Alifanya nilichofanya mimi.

Likizo sina, mwanagenzi hana. Nikiomba siku mbili nipoteze kazi, nitakuja kwako mikono mitupu na kukaa kwako kama mzigo wa pili. Kwa hiyo siji sasa. Sijui nitakuja lini, na hilo si ahadi.

Yafuatayo ni ya kumsaidia mtoto. Hali chakula akiangaliwa, mgeuzie uso kidogo. Ngurumo anaziogopa ila hatasema, utamwona tu anakuja kukaa karibu. Nywele akisukwa husinzia. Akinong'ona, mwambie aongee kwa sauti, mwambie hapo kwako hakuna mtu aliyelala. Mwambie mara nyingi, hataamini mara ya kwanza. Kila akiniulizia, mweleze nipo na ninafanya kazi, usimwambie zaidi ya hapo. Siku za mwanzo ataniulizia sana, kisha ataacha kidogo kidogo. Watoto ndivyo walivyo, na wewe usimkumbushe ili tu kunifurahisha mimi.

Kuna siku, ukiwa unapika au unafua, atajisahau na kukuita mama. Ataona haya na atakuangalia usoni aone umekasirika au la. Nakuomba, wifi, usimsahihishe. Itika.

Mama yake